Mbu Niliowaandika Kuwa Wamekufa

Mliniambia niandike niliyoyaona kazini kabla sijayasahau. Kusahau bado, alhamdulillahi, shida ni kuandika. Shule niliiacha darasa la tatu, mwaka ambao ng'ombe wa baba walihitaji mtu mwenye miguu kuliko mtu mwenye kalamu. Kwa hiyo msinihesabie makosa. Nitaandika kama ninavyosema, na nikipotea njiani mnisubiri, nitarudi.

Sitawaambia nilipandishwa cheo lini, maana sikupandishwa. Niliingia mpiga dawa ya mbu na nimetoka mpiga dawa, tofauti ni kwamba siku hizi goti la kushoto linalia nikipanda pikapu. Huku Galbet, mtaa wetu wa Garissa, watoto wananiita Kaneco, maana yake kwa Kisomali ni mbu. Sisi hatumwachi mtu bila jina la utani. Jirani yangu mwenye mguu mfupi anaitwa Mguu Mfupi hata na mke wake, kwa hiyo kuitwa mbu nilishukuru.

Siku ya kwanza nilipewa pampu ya begani, ovaroli iliyoshonewa mtu mnene kuliko mimi, na miwani ambayo baada ya dakika tano ilijaa jasho nikawa naona kama mtu aliye ndani ya maji. Aliyetufundisha alikuwa Mutua, Mkamba wa kutoka Kitui, mtu wa kanisa, mrefu, mwenye kusema polepole. Alikuwa na sheria moja ya pampu: simama mbali na ukuta kiasi cha mkono, shuka juu mpaka chini kwa mwendo uleule, usikimbie, usisimame.

"Bare," aliniambia, "huu ukuta si maua, usiunyunyizie. Wala si gari, usiupake rangi."

Kuta za matofali nilizijua haraka. Nyumba za mikeka ndizo zilizomsumbua Mutua. Mkeka unakunywa dawa kama ngamia aliyetoka safari, na ukimaliza kuupulizia, baada ya mwezi mama mwenye nyumba anaikunja nyumba yote, anaifunga juu ya ngamia, anaondoka. Tuliporudi kukagua mara ya kwanza, Mutua alisimama katikati ya mahali patupu, fomu mkononi.

"Nyumba namba saba iko wapi?"

"Imehama."

"Watu wamehama?"

"Watu na nyumba."

Akaandika kwenye fomu, nyumba imehama. Makao makuu walileta barua kuuliza nyumba inahama namna gani. Ile barua Mutua aliiweka ndani ya Biblia yake na siku akiwa na huzuni aliifungua akaisoma.

Sasa kazi ya sanduku. Hii ndiyo nataka mnisikilize.

Mutua alikuwa na sanduku la mbao lenye mirija ya plastiki, minene kama kikombe cha chai. Kazi yake ni kujua kama dawa bado inaua mbu. Unachota viluwiluwi kwenye mfereji wa shamba, unawalea ndani ya banda la chandarua mpaka wawe mbu wakubwa, halafu unawahamisha kwa kijibomba cha mdomo, unavuta pumzi kidogo, mbu anaingia. Ukivuta sana unamla. Nimewala. Hawana ladha. Mutua alinichagua mimi kwa sababu pumzi yangu ni ya taratibu, miraa sikuwahi kuizoea.

Unaingiza mbu majike ishirini na watano kwenye mrija wenye alama nyekundu, ambao ndani umezungushiwa karatasi yenye dawa. Wanakaa saa moja. Wanaanguka. Halafu unawahamishia kwenye mrija wenye alama ya kijani, ulio safi, unawawekea pamba ya maji ya sukari, unawafunika kitambaa kibichi, unaenda zako. Unarudi kesho saa ileile, ndipo unahesabu waliokufa. Pembeni kuna mrija mwingine ambao karatasi yake haina dawa, hao wanatakiwa wabaki hai, ili ujue hawakuuliwa na kitu kingine.

Niliwahi kumuuliza, mbona tunangoja, si wote wako chini?

"Mlevi pia yuko chini," Mutua alisema. "Kesho utamkuta sokoni."

Nilicheka. Ningekuwa na akili ningeandika.

Baada ya miaka kadhaa Mutua alihamishiwa Pwani, sanduku likabaki kwangu. Na hapa nawaambia kosa langu lenyewe, bila kulivika kanzu. Mnaijua Garissa mwezi wa pili. Mchana bati linalia, hata kuku wanatembea mdomo wazi. Nilikuwa nafanya jaribio sawasawa, nawaacha mbu mpaka kesho, nikirudi nakuta wamekufa wote, wa dawa na wasio wa dawa. Joto limewaua. Jaribio limeharibika, nianze upya, wiki mbili tena za kuchota viluwiluwi. Nikafanya mara moja, mara mbili, mara tatu. Mara ya nne nikajiambia, Bare, hawa baada ya saa moja wote wako chini. Kesho joto litawaua hata hivyo. Kuna haja gani ya kungoja? Nikasoma baada ya saa moja, nikaandika wamekufa wote, nikamwaga mirija, nikawahi sala ya adhuhuri.

Hakuna aliyeniuliza. Karatasi zangu zilikuwa safi. Mwaka baada ya mwaka, wamekufa wote, wamekufa wote. Huko juu walifurahi, dawa wakaendelea kuleta ileile.

Sasa twende Balambala.

Balambala mnaijua, wafugaji upande mmoja, mashamba ya vitunguu na matikiti upande wa mto. Huko aliishi Eddo Khadija. Eddo ni shangazi upande wa baba. Shangazi yangu wa damu hakuwa, lakini mwanamke wa umri ule humwiti jina tupu. Mjane, mbuzi wake anawajua mmojammoja kwa mama na bibi, na ulimi wake ulikuwa unajulikana mpaka ng'ambo ya mto. Alilea mjukuu anaitwa Sahra, wakati huo ana miaka kama minne, mama yake alifariki kwa uzazi.

Tulipulizia nyumba yake baada ya mvua. Mwezi haukwisha Sahra akashikwa na malaria. Akatibiwa, akapona, akashikwa tena. Mara ya pili alilazwa, akaongezwa damu. Tuliporudi na pampu zetu, Eddo Khadija alisimama mlangoni. Tulisema Kisomali, nawaandikia kwa Kiswahili, ila waryaa, yaani wewe bwana, nimeiacha.

"Waryaa Bare, huingii."

"Eddo, kuna nini?"

"Umepulizia maji. Dawa umewauzia wenye mifugo wakaulie kupe, kwangu umeleta maji ya mto. Nalala, mbu wanakaa juu ya ukuta wako wanapumzika. Wamekaa! Nikiwapiga kwa kiatu ndiyo wanakufa. Basi nipe kiatu cha serikali."

Wenzangu walicheka. Mimi sikucheka. Neno la kuuza dawa lilinichoma, na lilinichoma kwa sababu halikutoka hewani. Wapo wenzetu walioifanya biashara hiyo. Na mimi mwenyewe, niseme ukweli, niliwahi kumpa binamu yangu wa Kotile kikopo kimoja, mbuzi wake walikuwa wameliwa na kupe mpaka masikio yananing'inia. Kikopo kimoja, bure. Lakini maji kwenye pampu sikuwahi kuzidisha, wallahi, hata tone.

Habari ilifika kwa Haji Bulle, mzee anayesikiliza kesi za pale. Akatuita. Ilikuwa hivi: nikionekana mwizi, hakuna mpiga dawa atakayeingia tena Balambala, na jina langu kwa ukoo wangu limekwisha. Nikasema sitaapa tu, nitawaonyesha kwa macho.

Baada ya wiki mbili nilirudi na sanduku. Mbu niliwalea kutoka mfereji wa palepale Balambala, hilo nililifanya kwa haki. Nikaweka mirija mbele ya wazee na Eddo Khadija, karatasi ileile ya aina ya dawa yetu, nikawaeleza hata kwamba mbu hula sukari. Wazee wakainama, kofia zikagongana. Baada ya nusu saa mbu wanayumba. Baada ya saa moja wote chini, miguu juu. Wa ule mrija usio na dawa wanaruka kama kawaida.

"Allahu akbar," akasema Haji Bulle.

Nikamwaga mirija mchangani, nikaukanyaga ule mchanga kwa kiatu. Naukumbuka ule mguu wangu.

Kwetu ukimtukana mtu heshima yake na ikaonekana umemdhulumu, unamlipa haal, yaani unamsafisha jina kwa kitu. Wazee walimwambia Eddo Khadija atoe mbuzi. Akaenda akamleta mbuzi mweupe mwenye kichwa cheusi, wa maziwa.

"Huyu ndiye maziwa ya Sahra," alisema. "Nimempa Bare. Lakini macho yangu sijayatoa. Niliwaona wamekaa ukutani."

Ningeweza kukataa. Wengi hukataa, au hurudisha nusu ya njia. Mimi nilikuwa nimeumia, nikamchukua. Tulimla Garissa na wenzangu wa pampu, na nyama ilikuwa nzuri, sitasema uongo kwamba ilinikwama. Haikunikwama wakati huo.

Mwaka uliofuata nilirudi Balambala kwa jaribio la kawaida, mimi na dereva wetu Gedi. Nilitandika sanduku kwenye baraza ya ofisi ya chifu. Saa moja ikaisha, wote chini. Nikafungua kitabu nikaandika wamekufa wote. Mkono kwa mazoea ya siku za Mutua ukawahamishia kwenye mirija ya kijani, nilikuwa nataka kuimwaga nje, na hapo mvua ikapiga. Siyo mvua, ni ukuta wa maji. Baraza ikalowa yote. Gedi, ambaye huniita adeer, yaani ami, akaja anakimbia amevaa mfuko wa sukari kichwani.

"Adeer, laga imejaa, lile korongo lote ni maji, hatuvuki leo. Labda kesho kutwa."

Nyumba iliyokuwa karibu na iliyoinuka ilikuwa moja tu. Ya Eddo Khadija. Nilisimama mlangoni na sanduku, maji yananitoka puani.

"Eddo, as-salaam aleikum. Naomba niweke hili lisilowe."

Aliniangalia. Nyuma yake Sahra alikuwa amekaa na kikombe cha chai ya rangi.

"Wa aleikum salaam. Ndani mna nini?"

"Mbu."

"Umeniletea mbu nyumbani?"

"Wamekufa, Eddo."

"Weka pale kwenye mtungi wa maji, pana baridi. Wewe nenda kwa Haji Bulle, huko kuna wanaume."

Asubuhi mvua imekata, hewa baridi kama ya Meru. Nipo kwa Haji Bulle nakunywa chai, nikaona Eddo Khadija anakuja mwenyewe, sanduku amelibeba mbele yake kwa mikono miwili kama mtu anayebeba mtoto mchanga. Akaliweka mbele yangu.

"Waryaa Bare. Maiti zako zimeamka."

Nikainama. Kwenye mrija wa kwanza, kati ya wale ishirini na watano, kumi na sita walikuwa wamesimama. Nilihesabu mara tatu. Wanatembea, wanapanda plastiki, mmoja anajisafisha miguu ya nyuma. Juu ya chandarua cha mrija kulikuwa na kipande cha kitambaa kibichi.

"Hii nini, Eddo?"

"Maji ya sukari. Siku ile kwa wazee ulisema wanakula sukari. Wageni hawalali na njaa kwangu. Na nikawafunika kwa shuka mbichi, maana jana walionekana wamechoka."

Mimi niliyesomeshwa kazi ile nilikuwa nimeiacha, na huyu mama ambaye hajawahi kushika fomu ameifanya yote kama Mutua alivyoifundisha, kwa ukarimu tu.

Haji Bulle aliniuliza, "Maana yake nini?" Nikasema sijui. Nilijua.

Nilienda nyuma ya nyumba nikampigia Mutua simu, Pwani. Nikamweleza.

"Bare, ulikuwa unasoma baada ya muda gani?"

"Saa moja."

"Tangu lini?"

Nikamwambia tangu lini. Akapumua.

"Na joto?"

"Joto ndilo lilinishinda, Mutua. Walikuwa wanakufa wote."

"Ungeniuliza. Shimo la futi mbili chini ya kivuli, gunia bichi juu. Tulifanya hivyo Kitui." Hakufoka. Angefoka ingekuwa afadhali. "Yule mama mliyemchukulia mbuzi, bado yuko?"

"Ndiye aliyewalisha sukari."

"Basi kazi yako ya kwanza siyo ripoti."

Nikarudi. Wazee wawili watatu walikuwa wamekusanyika kuangalia mbu. Nikasimama mbele yao, palepale nilipokanyaga mchanga mwaka uliopita, nikasema: dawa niliyopulizia haikuwa maji, lakini mbu wa hapa haiwaui tena. Inawalaza tu. Jaribio nililowaonyesha nililikata kabla halijaisha. Eddo Khadija alisema aliowaona, na aliowaona walikuwepo. Mimi ndiye niliyemdhulumu.

Gedi aliangalia viatu vyake.

"Sema tena," akasema Eddo Khadija. "Haji Bulle sikio la kushoto halisikii."

Nikasema tena. Nadhani Haji Bulle alikuwa anasikia vizuri kabisa.

Mzee mmoja akauliza, inawezekanaje, mbu amejifunza dawa? Nikaanza kubabaika na maneno niliyowahi kuyasikia kwenye mafunzo. Eddo Khadija akanikata.

"Kujifunza nini? Mbu ana madrasa? Ule ukame mkubwa, si mbuzi wangu walikufa nusu? Waliobaki ni wale waliokuwa wanakula miiba na kukaa bila maji. Sikuwafundisha, walizaliwa hivyo, nao hawakuwa wengi. Sasa zizi langu lote ni watoto wao. Na mbu ndivyo. Walio dhaifu Bare amewaua, wagumu wamebaki wanazaliana."

Nimekaa kwenye semina nyingi tangu siku hiyo, za projekta na soda. Sijasikia iliyoeleza vizuri zaidi.

Akaendelea, na sasa alikuwa anawageukia wazee: "Na msimwangalie Bare peke yake. Nyinyi dawa ya kupe mnaoshea mifugo kando ya mto, si ni ndugu ya hiyo? Wenye vitunguu wanapulizia kila wiki, maji yanarudi kwenye mfereji, mbu anazaliwa humo humo. Sote tumefuga hawa."

Nikakumbuka kikopo changu cha Kotile.

Wiki iliyofuata niliandika ripoti, nikasema majaribio yangu ya nyuma yasitumike, na kwa nini. Niliitwa, nikaulizwa, nikajibu. Hayo ni ya ofisini, tuyaache. Nilinunua mbuzi wa maziwa soko la mifugo la Garissa, nikampakia kwenye pikapu nyuma, alilia mpaka Balambala. Eddo Khadija alimfungua mdomo, akatazama meno, akakamua kidogo, akaonja.

"Wangu alikuwa bora. Lakini nachukua, Sahra amekunywa chai kavu mwaka mzima." Halafu akanishika mkono wa ovaroli. "Mbuzi ni wa jina langu. Sasa la pili. Siku mtakapoleta dawa nyingine, jaribio lake litalala kwangu. Na kesho yake nahesabu mimi."

Dawa ya aina nyingine ilichukua muda kuja, na muda huo tuligawa vyandarua, tukafukia mifereji iliyokufa, tukawabembeleza wenye vitunguu. Sahra alishikwa mara moja tena, akawahi zahanati, akapona. Ilipofika dawa mpya tulianza na nyumba yake Eddo. Alisimama nyuma yangu muda wote, ananusa.

Kabla ya kupulizia tulikuwa tumeshafanya jaribio, mirija minne ya dawa na miwili isiyo na dawa, ikalala kando ya mtungi chini ya shuka mbichi. Kesho yake nilifika saa ileile. Alikuwa ameshavaa miwani ya marehemu mumewe, yenye uzi badala ya mkono mmoja. Akahesabu kwa sauti, Sahra anarudia nyuma yake. Wasio na dawa, hai, wanaruka. Mrija wa kwanza, wamekufa wote. Wa pili na wa tatu, wote. Wa nne alihesabu, akarudi, akahesabu tena.

"Huyu."

Alikuwa mmoja. Amesimama kwenye pembe ya plastiki, mguu mmoja hana.

"Huyo ni kilema, Eddo," nilisema. "Hata adhuhuri hafiki."

"Nimekuuliza adhuhuri? Sasa hivi, amesimama au ameanguka?"

"Amesimama."

"Basi andika amesimama."

Nikaandika mmoja. Mwaka uliofuata tulihesabu tena, waliosimama walikuwa watatu. Nao nimewaandika.